MTAJI WA MBEGU: Wanahisabati wanapofungua kampuni, mwenye fedha kidogo apige hesabu gani?

Neno mbegu lina historia chungu katika biashara ya Dar es Salaam. Miaka ya kuelekea 2009, maelfu ya wakazi wa jiji na mikoa mingine "walipanda mbegu" katika mpango wa DECI, wakaambiwa wangoje kuvuna. Waliotangulia walivuna kweli, na hao ndio waliokuwa tangazo kubwa la mpango huo mitaani. Serikali iliposimamisha shughuli zake mwaka 2009, waliochelewa walibaki na stakabadhi mikononi. Viongozi wake walifikishwa katika Mahakama ya Kisutu, na mwaka 2013 wakatiwa hatiani.

Neno hilo hilo sasa linaingia kwa mlango mwingine. Vijana waliosomea hisabati, takwimu na takwimu bima wanaanzisha kampuni changa na kutafuta kile wanachokiita mtaji wa mbegu. Maana hii ya pili ni halali na inatumika dunia nzima. Lakini kwa mfanyabiashara wa Tandika au Mwananyamala aliyewahi kuunguzwa, mbegu ni mbegu, na asipoweza kuzitofautisha anaweza kukosa nafasi nzuri, au, kibaya zaidi, kupoteza ada ya watoto kwa mara ya pili.

Tofauti yenyewe haihitaji digrii. Katika mpango wa upatu, mavuno ya mpandaji hutoka mfukoni mwa mpandaji anayefuata. Tuseme kila mmoja anahitaji wapandaji wapya 3 ili alipwe. Mmoja huzaa 3, hao huzaa 9, kisha 27, na kuendelea. Katika hatua ya 17 wanahitajika wapandaji 129,140,163, wakati sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu Watanzania wote, pamoja na watoto wachanga, kuwa milioni 61.7. Mpango wa namna hiyo hufa hata kama viongozi wake ni malaika. Mtaji wa mbegu unanunua kitu kingine kabisa: hisa, yaani fungu la kampuni yenyewe. Mavuno yakipatikana yatatokana na wateja wanaolipia bidhaa, au na mtu atakayekuja kununua fungu hilo kwa bei ya juu. Yasipopatikana, fedha imekwenda, na hakuna wa kushitakiwa. Hapo ndipo ugumu ulipo: mbegu ya halali nayo huoza, tena mara nyingi.

MFANO WA JIRANI: PULA YA NAIROBI

Anayetaka kuona kampuni ya namna hii ikifanya kazi katika Afrika Mashariki hana haja ya kwenda Marekani. Pula ilianzishwa mwaka 2015 na watu wawili, Rose Goslinga na Thomas Njeru. Njeru ni mtaalamu wa takwimu bima, yaani mwanahisabati ambaye kazi yake ni kuipa bei hatari ambayo bado haijatokea. Goslinga alikuwa ameongoza mradi wa Kilimo Salama nchini Kenya, ulioanza mwaka 2009 chini ya Wakfu wa Syngenta kwa kushirikiana na kampuni ya bima ya UAP na kampuni ya simu ya Safaricom.

Biashara yenyewe ni bima ya mkulima mdogo. Katika moja ya njia zilizotumika, mkulima hukuta kadi ndani ya mfuko wa mbegu alioununua dukani. Anatuma namba ya kadi kwa simu, na hapo inajulikana shamba liko eneo gani na siku ya kupanda ni ipi. Setilaiti huangalia mawingu na mvua ya eneo hilo kwa wiki 3 za kuota. Mvua isiponyesha, mkulima hulipwa kwa simu apate mbegu nyingine, na msimu haujampita. Hakuna afisa wa bima anayekwenda shambani kutazama mahindi yaliyokauka, na hilo ndilo linaloishusha gharama.

Hesabu ya bei inafaa kufuatwa taratibu, kwa kuwa ndiyo bidhaa anayoiuza mwanahisabati. Tuseme mfuko wa mbegu ni Sh. 20,000, na rekodi za mvua zinaonyesha kwamba mvua za kuotesha hukosekana mwaka 1 kati ya 10. Kwa wastani, fidia ya kila mfuko kwa mwaka ni Sh. 2,000. Mfanyabiashara wa kawaida angesema basi bei ni Sh. 2,000 na faida kidogo juu yake. Mtaalamu wa takwimu bima hakubali haraka hivyo. Maduka 100 yaliyo katika mitaa tofauti ya Kinondoni yakikatiwa bima ya moto, kwa kawaida hayaungui siku moja. Ukame hauji kwa mkulima mmoja mmoja. Unapokuja, wakulima wote wa wilaya wanadai fidia wiki ile ile, na kampuni iliyokusanya Sh. 2,000 kwa kila mmoja inaanguka. Wafanyabiashara wa jiji wana kumbukumbu yao ya hatari ya aina hiyo: Julai 2021 moto wa soko la Kariakoo haukuchagua meza. Kwa hiyo bei lazima ibebe pia gharama ya kuhamishia sehemu ya hatari kwa kampuni kubwa za bima mtawanyo za nje, ambako ukame wa wilaya moja ni jambo dogo.

Hata hivyo, si hesabu peke yake iliyoikuza Pula. Kumfuata mkulima mmoja mmoja ili kukusanya Sh. 2,000 kunagharimu zaidi ya hizo Sh. 2,000. Kampuni ikaamua kuuza kwa jumla: kwa makampuni ya pembejeo, mashirika yanayowakopesha wakulima, na programu za serikali, bima ikiwa imefungwa ndani ya bei ya mbegu au mkopo. Hiyo si hisabati hata kidogo. Ni akili ya mchuuzi wa jumla, ambayo mtu wa Manzese anaifahamu kuliko profesa yeyote.

Tarehe za mitaji yake zinafundisha. Mtaji wa mbegu, dola za Marekani milioni 1, ulipatikana mwaka 2018, yaani miaka 3 baada ya kuanza. Januari 2021 ziliingia dola milioni 6, zikiongozwa na TLcom Capital. Aprili 2024 zikaja dola milioni 20, zikiongozwa na BlueOrchard, wakiwamo pia IFC na Wakfu wa Bill na Melinda Gates. Wakati huo kampuni ilikuwa imeshafikisha bima kwa wakulima zaidi ya milioni 15. Ni maendeleo makubwa. Lakini aliyetia fedha yake mwaka 2018, miaka 6 baadaye alikuwa na fungu katika kampuni ambayo haikuwa imeorodheshwa kwenye soko lolote la hisa. Hesabu yake ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Kuigeuza karatasi kuwa fedha ya kununulia unga ni suala lingine.

MWANAHISABATI ANALETA NINI MEZANI

Nchini Tanzania watu hawa si wengi. Kwa miaka mingi wanafunzi wanaofaulu Hisabati katika mtihani wa kidato cha nne hawajafika 3 kati ya 10, na wanaoendelea nayo hadi chuo kikuu ni wachache zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, vinafundisha takwimu bima, na mwaka 2014 taasisi ya hisabati ya AIMS, iliyoanzia Cape Town mwaka 2003, ilifungua kituo Bagamoyo. Mhitimu wa fani hizo kwa kawaida huajiriwa na benki, kampuni ya simu au kampuni ya bima. Anayeamua kufungua kampuni yake ameacha mshahara wa uhakika, na hilo peke yake linamwambia mwekezaji jambo fulani kuhusu anavyoliamini wazo lake, ingawa halimwambii kama wazo ni zuri.

Chukua mfano wa kubuni, ulio karibu na maisha ya masoko ya Temeke. Wahitimu wawili wa hisabati wamepanga chumba Sinza na wametengeneza programu ya simu kwa ajili ya wafanyabiashara wa nyanya. Mfanyabiashara hununua tenga kwa Sh. 30,000 na kuliuza Sh. 45,000. Likilala, kesho yake nyanya zimelegea na tenga linakwenda kwa Sh. 10,000. Swali ni la kila alfajiri: aagize matenga mangapi?

Wengi huagiza kiasi cha siku ya wastani, au zaidi kidogo ili mteja asikose. Hesabu inasema vingine. Tenga linalopungua humkosesha faida ya Sh. 15,000. Tenga linalozidi humtia hasara ya Sh. 20,000. Kwa kuwa kuzidi kunauma kuliko kupungua, anapaswa kuagiza chini ya siku ya katikati. Kiasi sahihi hupatikana kwa kugawa 15,000 kwa jumla ya 35,000, jibu ni kama asilimia 43. Maana yake aagize kiasi ambacho katika siku 100 kitatosheleza wateja wote siku 43 tu, na siku 57 nyanya ziishe kabla ya wateja. Mfanyabiashara akiambiwa hivyo bila maelezo atafikiri anatukanwa. Akionyeshwa daftari lake mwenyewe la miezi mitatu, anaweza kuona ni matenga mangapi yaliyooza bila sababu.

Hapo ndipo mwanahisabati anapostahili kulipwa. Ana uwezo wa kuona kitu kilichojificha ndani ya daftari ambalo mwenyewe analipitia kila siku. Udhaifu wake nao unajulikana. Huwa anaridhika pale jibu linapokuwa sahihi, wakati biashara inaanza pale mtu anapokubali kulilipia. Kampuni ya wanahisabati wawili isiyo na mtu wa tatu anayeweza kukaa kwenye gunia la viazi Temeke Stereo na kuzungumza na wauzaji hadi saa tano asubuhi, ni kampuni ambayo mtaji wake wa mbegu utaishia kwenye kompyuta.

UMRI WA FEDHA

Tuendelee na kampuni hiyo ya nyanya. Kila mfanyabiashara analipa Sh. 1,000 kwa siku ya soko, siku 26 kwa mwezi. Wateja ni 200. Mapato ni Sh. 5,200,000 kwa mwezi. Posho za waanzilishi, mshahara wa mtengeneza programu, kodi ya chumba, vifurushi vya intaneti na nauli ni Sh. 7,000,000. Kila mwezi pengo ni Sh. 1,800,000.

Sasa kikundi cha wafanyabiashara 20 wa Mbagala kinaombwa kutoa Sh. 20,000,000, kila mmoja Sh. 1,000,000. Ukigawa milioni 20 kwa pengo la mwezi, fedha ina umri wa miezi 11. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza kabisa, na inashangaza ni wawekezaji wangapi huiruka wakakimbilia kuuliza kampuni itakuwa na thamani gani mwaka wa 5. Ili gharama zifidiwe wanahitajika wateja 270. Kwa hiyo kinachonunuliwa kwa Sh. 20,000,000 ni miezi 11 ya kutafuta wateja 70. Je, wateja 200 wa kwanza walipatikana kwa miezi mingapi? Wangapi waliacha kulipa baada ya mwezi wa kwanza? Kikundi kikipata majibu ya maswali hayo mawili, yakiwa na ushahidi wa miamala ya simu, kimepata zaidi ya nusu ya kinachohitajika kujua.

BEI YA FUNGU

Waanzilishi wanasema kampuni yao, kabla fedha haijaingia, ina thamani ya Sh. 80,000,000. Thamani hiyo haitoki kwenye kitabu cha mahesabu, kwa sababu kampuni haina jengo wala lori. Inatoka kwenye mapatano. Fedha ikiingia thamani inakuwa Sh. 100,000,000, na kikundi kinamiliki asilimia 20. Wengi hukosea hapa kwa kugawa 20 kwa 80 na kudai asilimia 25. Anayetaka asilimia 25 kwa Sh. 20,000,000 lazima aishushe thamani ya awali hadi Sh. 60,000,000.

Mwaka unapita, wateja wamefika 400, na kampuni kubwa ya mitaji kutoka nje inakuja na Sh. 150,000,000 kwa thamani ya awali ya Sh. 350,000,000. Thamani mpya ni Sh. 500,000,000, na mgeni ana asilimia 30. Kikundi cha Mbagala hakijauza hisa hata moja, lakini fungu lake limeshuka kutoka asilimia 20 hadi 14, kwa kuwa hisa mpya zimetolewa. Wasiojua hudhani wameibiwa. Hawajaibiwa: asilimia 14 ya Sh. 500,000,000 ni Sh. 70,000,000, dhidi ya Sh. 20,000,000 walizotoa.

Wizi wa kisheria, kama mtu anataka kuuita hivyo, unaweza kujificha mahali pengine. Mgeni mwenye mwanasheria mzuri kwa kawaida hudai hisa zenye kipaumbele: kampuni ikiuzwa, arudishiwe kwanza fedha yake yote, au achukue asilimia yake, kutegemea kipi ni kikubwa. Tuseme baada ya miaka miwili mambo yamelegea na kampuni inauzwa kwa Sh. 200,000,000. Asilimia 30 ya mgeni ni Sh. 60,000,000 tu, kwa hiyo anachagua kurudishiwa Sh. 150,000,000. Zinabaki Sh. 50,000,000 za kugawana waliobaki, ambao kwa pamoja wana asilimia 70. Kikundi, chenye 14 kati ya hizo 70, kinapata moja ya tano: Sh. 10,000,000. Kampuni imeuzwa kwa Sh. 200,000,000, mara mbili ya thamani waliyoingilia, na wana-Mbagala wamepoteza nusu ya fedha yao. Kwenye mkataba, kifungu kinachofanya hivyo kinaweza kuwa mistari minne.

Kuna njia nyingine inayotumika pale ambapo pande mbili hazikubaliani juu ya thamani: mkopo unaogeuka hisa. Kikundi kinakopesha Sh. 20,000,000 leo, na bei ya hisa inaachwa ipangwe na mwekezaji mkubwa atakayefuata. Kama zawadi ya kutangulia, kikundi hupunguziwa, tuseme asilimia 20. Mgeni akinunua hisa kwa Sh. 10,000, kikundi kinahesabiwa Sh. 8,000 na kupata hisa 2,500 badala ya 2,000. Njia hii inapunguza mabishano, lakini ina shimo lake. Mwekezaji wa pili asipokuja, kikundi kinabaki kuwa mdai wa kampuni isiyo na kitu cha kukamatwa. Mkataba wa namna hiyo usio na tarehe ya mwisho wala bei ya juu kabisa ya kugeuzia ni zawadi kwa waanzilishi.

KUMI, SIYO MOJA

Wenye mitaji mikubwa hawaweki fedha kwenye kampuni moja. Wanajua wengi watakufa, wakitegemea mmoja awalipie wote. Tuweke hesabu hiyo kwa shilingi. Mtu ana Sh. 200,000,000 na anazigawa kwa kampuni 10. Baada ya miaka 5, tuseme 6 zimekufa, 3 zimerudisha fedha tu, yaani Sh. 60,000,000, na imebaki 1. Kama fedha hiyo ingewekwa mahali pa salama kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ikirudishwa kila mwaka juu ya mtaji, ingekuwa imefika takriban Sh. 352,000,000. Kwa hiyo kampuni ile moja iliyobaki inatakiwa ilete Sh. 292,000,000 kutoka kwenye Sh. 20,000,000, karibu mara 15, ili mwekezaji awe sawa tu na yule aliyelala usingizi.

Mara 15 hutokea, lakini kwa nadra. Mfano unaotajwa sana barani ni wa InstaDeep ya Tunis, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Karim Beguir, mtu wa hisabati, pamoja na Zohra Slim, wakiwa na kompyuta 2 za mkononi na dola 2,000. Ilijihusisha na kutatua matatizo magumu ya upangaji kwa kutumia akili bandia. Mwaka 2019 ilipata dola milioni 7, mwaka 2022 dola milioni 100, na mwaka 2023 ikanunuliwa na kampuni ya dawa ya BioNTech ya Ujerumani kwa takriban pauni milioni 362 mwanzoni, na hadi pauni milioni 200 nyingine kwa kutimiza malengo. Wa zaidi ni Google. Agosti 1998, miezi minne baada ya Soko la Hisa la Dar es Salaam kufungua biashara na hisa za TOL, Andy Bechtolsheim aliandika hundi ya dola 100,000 kwa Larry Page na Sergey Brin, huyu wa pili akiwa na shahada ya hisabati na kompyuta. Hundi ilikaa bila kuwekwa benki kwa muda, maana kampuni iliyoandikiwa ilikuwa bado haijasajiliwa. Hadithi hizo mbili ni za kweli. Ila zinasimuliwa kwa sababu ni chache, na anayesimuliwa hizo tu hawezi kujua ni hundi ngapi ziliandikwa mwaka ule ule zikapotea.

Kikundi cha Mbagala hakina kampuni 10. Kina moja. Kwa makadirio hayo hayo, uwezekano wa kupoteza kila kitu ni 6 kati ya 10. Na Sh. 1,000,000 ya kila mwanachama ndiyo kima cha chini cha kuomba hatifungani ya Serikali kupitia mnada wa Benki Kuu, ambako riba hulipwa mara mbili kwa mwaka iwe mvua au jua. Huo ndio mzani halisi, wala si mzani kati ya kampuni hii na kuiweka fedha chini ya godoro.

MSAADA USIOTAKA HISA

Katika Kinondoni, mahali pa kuanzia kuuliza ni Kijitonyama, kwenye jengo la Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986. Hapo ndipo ilipoanzia Buni Hub mwaka 2011, kipindi cha mradi wa TANZICT uliofadhiliwa na Finland, na hapo pia ndipo kilipo kiatamizi cha DTBi. Tangu 2019 mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, yamekuwa yakiwaibua wabunifu wa ngazi mbalimbali. Mfuko wa HDIF, uliotumia fedha za Uingereza, ulitoa ruzuku hadi mwaka 2021, na baadaye ukaja mpango wa Funguo chini ya UNDP.

Fedha za namna hii ni ruzuku kwa sehemu kubwa: hazichukui fungu. Kwa mwekezaji mdogo hiyo ni habari njema, kwani ruzuku ya Sh. 30,000,000 inaongeza umri wa kampuni bila kupunguza asilimia yake. Lakini inaweza pia kumdanganya. Kampuni iliyoishi miaka 3 kwa ruzuku na vyeti vya mashindano inaonekana hai, wakati hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuilipa. Katika taarifa ya mapato, ruzuku na mauzo viandikwe kwenye mistari tofauti. Waanzilishi wanaoona ugumu kuvitenganisha wanaficha kitu, au hawajui walichonacho, na mwanahisabati asiyejua hilo ana mushkeli mkubwa.

Fedha kubwa zenyewe, hadi sasa, zimetoka nje zaidi. NALA ya Benjamin Fernandes, ambaye hakuanzia kwenye hisabati, ilipata dola milioni 10 za mbegu Januari 2022, na majina mazito kwenye orodha ya watoaji yalikuwa ya Marekani. Mtu wa Temeke hashindani na hao kwa kiasi. Anachoweza kuwazidi ni kulijua soko: yeye ndiye anayejua kama muuza nyanya atalipa Sh. 1,000 kwa siku.

KARATASI

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 inaruhusu kampuni binafsi kuwa na wanachama wasiozidi 50, na inaikataza kualika umma kununua hisa zake. Kwa hiyo kijana anayetangaza hisa kwenye makundi ya simu kwa kila anayetaka, ama amekuwa kampuni ya umma inayohitaji idhini ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, CMSA, ama anavunja sheria. Hapa ndipo mbegu ya halali inapoanza kufanana na ile ya 2009, hata kama nia ni njema. Kikundi cha watu 20 kinafanya vyema kuingia kwa jina moja lililosajiliwa, ili kiwe mstari mmoja katika daftari la wanahisa na kiwe na sauti moja mkutanoni.

Kabla ya fedha kutoka, kumbukumbu za kampuni zitazamwe BRELA: nani ni wanahisa, nani wakurugenzi, hisa ngapi zimetolewa. Si mara moja mwekezaji amekuta kwamba mjomba aliyelipia usajili ndiye mwenye nusu ya kampuni. Swali la nani mwenye haki ya programu yenyewe nalo lisisahauliwe. Ikiwa iliandikwa wakati mwanzilishi akiwa ameajiriwa kwingine, au akiwa mtafiti chuoni, inawezekana si yake ya kuuza. Na hisa za waanzilishi zipatikane kidogo kidogo kwa muda, kwa mfano miaka 4, kwani mwanahisabati aliyepata kazi Nairobi au London mwezi wa 5 anaweza kuondoka na asilimia 40 ya kampuni akimwacha mwenzake na wateja.

Mwisho ni mlango wa kutokea. Mwenye hisa za kampuni iliyoorodheshwa, kama Vodacom iliyouza zake kwa umma kwa Sh. 850 mwaka 2017, anaweza kumpigia dalali simu asubuhi. Mwenye hisa za kampuni changa hana dalali. Atauza kwa waanzilishi, kwa mwekezaji mwingine, au kwa kampuni kubwa itakayoinunua nzima, na mkataba unapaswa kutamka ni lipi kati ya hayo linaruhusiwa na kwa bei inayopatikana vipi. Mwaka 2013 Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianzisha dirisha la kukuza kampuni ndogo, EGM, lenye masharti mepesi kuliko soko kuu, na Maendeleo Bank ikawa ya kwanza kuingia mwaka huo huo. Dirisha lipo, lakini wiki zinaweza kupita bila hisa ya kampuni ndogo kupata mnunuzi, na bei iliyoandikwa ubaoni ikabaki kuwa ile ile kwa sababu tu hakuna aliyeuliza.